Dang'a: Si kinga pekee anayopata ndama

Wafugaji wa Kiambu na viungani mwa Nairobi wanajua kwamba ndama asiponyonya dang'a hushikwa na maradhi upesi. Huzaliwa karibu bila kinga, kwa kuwa kondo la nyuma la ng'ombe haliruhusu kingamwili za mama kupita. Lakini hiyo ni nusu tu ya habari.

Dang'a ina mafuta mengi ya kumtia joto ndama aliyelowa. Ina pia homoni: insulini na ile ya ukuaji iitwayo IGF-1, zote kwa wingi kuliko katika maziwa ya kawaida. Kazi yake huonekana hasa kwenye utumbo, ambao hukua na kuanza kufyonza sukari vyema. Sukari ya damu inapopanda, kongosho la ndama mwenyewe nalo hutoa insulini yake.

Sasa, wapo wanaongoja kondo la nyuma litoke ndipo wakame. Hilo ni kosa kubwa. Laweza kuchukua saa nyingi, ilhali utumbo hupitisha kingamwili vizuri zaidi katika saa 6 za kwanza, na zikitimia saa 24 hivi mlango umefungwa. Ndama wa kilo 40 anahitaji lita 4 hivi. Akishindwa kunyonya, mama akamwe, naye apewe kwa chupa safi dang'a ikingali vuguvugu.

Nawe uliye ofisini mjini, ukipigiwa simu kwamba ng'ombe amezaa, kabla ya kuuliza kama ni mtamba, uliza ndama amenyonya saa ngapi.