NYUMBA YA MGONJWA: JE, MSAADA UMESAIDIA?

Ndugu msomaji, tuseme katika kijiji chenu yuko mama anayeishi na VVU. Mvua za masika zimeangusha nyumba yake. Serikali ya kijiji inakutana. Wananchi wanakubali kumsaidia. Wanachanga fedha, wananunua mabati 20. Vijana wanafyatua matofali. Baada ya miezi miwili nyumba imesimama.

Mwisho wa mwaka mnaitwa mkutanoni. Mtendaji wa kijiji anasoma taarifa. "Mabati 20 yamenunuliwa. Nyumba moja imejengwa." Watu wanapiga makofi.

Sasa jiulize. Je, taarifa hiyo imesema mama yule anaendeleaje? Imesema kama anameza dawa zake kila siku? Imesema kama bado anakaa katika nyumba ile, au kama shemeji zake wameichukua? Haikusema. Imehesabu mabati tu.

Kuhesabu mabati ni kazi rahisi. Kupima kama mabati yamemsaidia mtu ni kazi ngumu. Leo tutaeleza jinsi watu wa nchi moja walivyojaribu kuifanya kazi hiyo ngumu. Nchi yenyewe ni Marekani. Usishangae. Marekani ni nchi yenye fedha nyingi, lakini katika miji yake wako watu wengi wasio na pa kulala.

KWA NINI NYUMBA?

Madaktari wa Marekani waliandika habari za UKIMWI kwa mara ya kwanza mwaka 1981. Hapa Tanzania wagonjwa wa kwanza waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Miaka ile dawa ya kuzuia virusi haikuwapo.

Katika miji ya Marekani watu wengi wanakaa katika nyumba za kupanga. Mtu akiugua sana, anaacha kazi. Akiacha kazi, anakosa fedha za kodi. Akikosa kodi, anatolewa nje. Wengine walitolewa hata kama walikuwa wanalipa, kwa sababu mwenye nyumba aliuogopa ugonjwa. Tukubali kwamba mambo kama hayo hata sisi tumeyaona.

Mwaka 1990 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwasaidia watu hao kupata makazi. Mpango uliotokana na sheria hiyo unajulikana kwa jina la HOPWA. Ulisimamiwa na wizara yao ya nyumba na maendeleo ya miji. Msaada ulikuwa wa namna mbalimbali. Mtu aliweza kulipiwa sehemu kubwa ya kodi, naye akachangia kama dola 30 katika kila dola 100 za kipato chake. Au, kama alikuwa karibu kufukuzwa, alilipiwa kodi kwa muda, lakini si zaidi ya majuma 21 katika mwaka mmoja. Pia zilikuwapo nyumba zenye wahudumu, kwa wale waliohitaji kuangaliwa.

Kuanzia mwaka 1996 zilipatikana dawa kali zaidi, zinazotumiwa kwa pamoja. Wagonjwa waliokuwa wanangoja kufa wakaanza kuinuka. Hapo nyumba ikawa na kazi nyingine.

Hebu fikiri. Dawa za kufubaza virusi humezwa kila siku, bila kuruka. Mtu anayelala chini ya daraja ataziweka wapi? Akiziweka mfukoni, zinalowa. Akiziweka katika mfuko, mfuko unaibwa. Baadhi ya dawa za miaka ile zilitakiwa kukaa ndani ya jokofu. Kadi ya kliniki inapotea. Mhudumu wa afya akitaka kumfuata, hajui amfuate wapi.

Tena jambo hili si la mgonjwa peke yake. Dawa zikimezwa vizuri, virusi vinapungua mpaka kipimo hakivioni. Mtu aliyefikia hapo na kubaki hapo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya kujamiiana. Kwa hiyo mgonjwa akimeza dawa vizuri, anamlinda na mwingine.

WALIPOWAHESABU WALIOKUFA

Kabla ya kufika kwenye kipimo chenyewe, sikiliza kisa kimoja cha hesabu. Fedha nyingi za mpango ule ziligawanywa kwa kanuni. Mji wenye wagonjwa wengi ulipata fedha nyingi. Kanuni hiyo ni nzuri. Lakini waliwahesabuje wagonjwa? Walijumlisha wagonjwa wote wa UKIMWI walioandikwa tangu ugonjwa ulipoanza. Waliokufa zamani nao wamo.

Matokeo yake unaweza kuyaona mwenyewe. Mji uliopigwa na ugonjwa mapema uliendelea kupata fedha kwa ajili ya watu walio makaburini. Mji ambao ugonjwa ulienea baadaye, na ambao watu wake wako hai na wanahitaji nyumba, ulipata pungufu. Kanuni hiyo ilibadilishwa kwa sheria ya mwaka 2016. Sheria ilisema wahesabiwe watu walio hai wanaoishi na VVU. Tangu 1990 mpaka 2016 ni miaka 26! Na kubadilisha kwenyewe kukafanywa pole pole, kwa miaka kadhaa, ili miji iliyozoea isipungukiwe ghafla.

Daftari la kijiji nalo linaweza kuwa na majina ya marehemu. Lichunguzeni.

KIPIMO CHA CHICAGO

Wakulima wengi wamewahi kuona shamba la mfano la bwana shamba. Anachukua shamba moja. Analigawa sehemu mbili. Udongo ni ule ule. Mbegu ni ile ile. Siku ya kupanda ni moja. Sehemu moja anaitia mbolea, ya pili haitii. Wakati wa kuvuna kila mtu anaona tofauti. Lakini ukilinganisha shamba lako la bondeni lenye mbolea na shamba la jirani la mlimani lisilo na mbolea, hutajua kilicholeta mavuno. Huenda ni mbolea. Huenda ni bonde.

Mambo ya nyumba ni hivyo hivyo. Ukiwapa nyumba wale waliowahi kufika ofisini, huenda hao ndio wenye nguvu za kutembea, wanaojua kusoma fomu, wenye ndugu wa kuwasindikiza. Wakiendelea vizuri, utasema nyumba imewasaidia. Kumbe hata bila nyumba wangewapita wenzao.

Katika mji wa Chicago walifanya kama bwana shamba. Kazi hiyo ilianza mwaka 2003 na kumalizika mwaka 2007. Walikwenda katika hospitali mbili. Waliwatafuta wagonjwa wenye magonjwa ya muda mrefu ambao hawakuwa na makazi. Waliopimwa walikuwa 405. Waligawanywa makundi mawili kwa bahati, kama vile kuokota vikaratasi. Kundi la kwanza, wakitoka hospitali, walipelekwa mahali pa kupumzika na kupata nguvu. Halafu walitafutiwa nyumba ya kudumu. Kila mmoja alikuwa na mshauri wa kumfuatilia. Kundi la pili walipata huduma ya kawaida, yaani ofisa ustawi wa hospitali aliwaelekeza pa kwenda, basi.

Walifuatiliwa kwa miezi 18. Majibu yalitolewa mwaka 2009. Wachunguzi walisawazisha kwanza hesabu, maana makundi hayo mawili hayakuwa sawa kabisa tangu mwanzo. Kisha waliona kwamba kundi la nyumba lilipunguza siku za kulazwa kwa 29 katika kila 100. Kwenda hospitali kwa dharura kulipungua kwa 24 katika kila 100. Kwa maneno mengine, ukiwapa nafasi hiyo watu 100, kwa mwaka mmoja hospitali inaokoa kama siku 270 za vitanda.

Ndani ya kundi lile kubwa walikuwamo watu 105 wenye VVU. Hao waliangaliwa peke yao baada ya mwaka mmoja. Katika kila watu 100 waliopangiwa nyumba, 55 walikuwa hai na kinga yao ya mwili ilikuwa bado na nguvu. Katika kila 100 wa huduma ya kawaida, waliokuwa hivyo walikuwa 34. Walipopima damu, virusi havikuonekana kwa watu 36 katika kila 100 wa kundi la nyumba. Katika kundi la pili walikuwa 19.

Msomaji, soma tena namba hizo. Hamsini na tano ni nyingi kuliko thelathini na nne. Hiyo ni kazi ya nyumba, pamoja na yule mshauri. Lakini angalia na upande wa pili. Hata katika kundi la nyumba, watu 64 katika kila 100 bado walikuwa na virusi vinavyoonekana. Nyumba haikumeza dawa kwa niaba ya mtu. Tena watu 105 ni wachache. Katika kundi dogo, bahati nayo huingia. Siku hizi wagonjwa wengi humeza kidonge kimoja tu kwa siku, na dawa ni nzuri zaidi. Kwa hiyo namba za leo zingeweza kuwa nyingine.

JE, NI HAKI KUOKOTA VIKARATASI?

Huenda unasema moyoni: ni ukatili kumnyima mgonjwa nyumba ili upate hesabu. Swali hilo ni la haki. Mimi naona hivi. Kama nyumba zipo za kuwatosha wote na unawanyima nusu, huo ni ukatili. Kama nyumba hazitoshi, mtu fulani atakosa kwa vyovyote. Hapo kikaratasi kina haki kuliko undugu au rushwa. Lakini aliyekosa asifungiwe mlango wa msaada mwingine.

Jambo hilo lilitokea hasa katika kipimo cha pili. Kilianza mwaka 2004 katika miji mitatu: Baltimore, Chicago na Los Angeles. Watu 630 wenye VVU, wasio na makazi au walio karibu kuyakosa, waligawanywa kwa bahati. Nusu walilipiwa kodi na mpango wa HOPWA. Nusu walisaidiwa kwa njia za kawaida, na hawakukatazwa kujitafutia.

Baada ya miezi 18, watu 82 katika kila 100 wa kundi la kwanza walikuwa na nyumba zao wenyewe. Na kundi la pili? Watu 51 katika kila 100. Walihangaika, wakapata. Tuwapongeze. Ila sasa kipimo kikawa kigumu, maana ni kama jirani amekuja usiku akatia mbolea katika nusu ya ile sehemu isiyotakiwa kuwa na mbolea. Makundi yote mawili yaliendelea vizuri kiafya, na tofauti kati yao ikawa ndogo.

Ndipo wachunguzi wakaangalia kwa njia nyingine. Waliacha makundi, wakauliza: nani alilala nje hata usiku mmoja katika miezi ile? Walikuta kwamba waliolala nje walikwenda zaidi hospitali kwa dharura, walikuwa na mahangaiko zaidi ya moyo, na virusi vyao vilionekana zaidi. Majibu hayo ni ya maana. Lakini yana udhaifu ule wa bonde na mlima. Huenda mtu alikuwa mgonjwa zaidi kwa sababu alilala nje. Huenda alilala nje kwa sababu alikuwa mgonjwa zaidi. Wachunguzi walitangaza majibu yote mwaka 2010, yale ya kufurahisha na yale yasiyofurahisha. Taarifa nyingi tunazosomewa mikutanoni zina ya kufurahisha tu.

TURUDI KIJIJINI

Kijijini watu wachache wanalipa kodi ya nyumba. Shida yetu ni nyingine. Nyumba inavuja, au inaanguka. Au mume anafariki, na ndugu zake wanamwondoa mjane. Mjane mwenye VVU anaondolewa upesi zaidi, huku akiambiwa yeye ndiye aliyeleta ugonjwa. Kwa hiyo ukimjengea mama nyumba juu ya kiwanja ambacho shemeji anakidai, huenda umemjengea shemeji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Halmashauri ya kijiji inaweza kumpa hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina lake. Fanyeni hivyo kabla ya kuweka msingi.

Kupima nako kuna mpaka. Kamati ya kijiji si kliniki. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inataka majibu ya vipimo vya mtu yawe siri, na inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya VVU. Kamati isimwulize mtu hesabu ya virusi vyake. Wala isibandike ukutani orodha yenye kichwa "Nyumba za Wagonjwa". Kuna watu wangeacha nyumba kuliko kuonekana katika orodha hiyo.

Yako mambo ya kuuliza bila kuvunja siri. Je, mwenye nyumba bado anakaa humo? Je, inavuja? Je, mlango unafungika, na kuna mahali pakavu pa kuweka vitu vyake? Je, yuko mtu aliyemsumbua kuhusu kiwanja? Je, kutoka hapo hadi zahanati ni karibu kuliko alipokaa zamani, au mmempeleka mbali zaidi? Na je, katika waliosaidiwa mwaka jana, nani amehama, na kwa nini?

Mtu wa kuuliza asiwe fundi aliyejenga, wala katibu aliyenunua mabati. Wachagueni wananchi wawili, mmoja awe mwanamke. Waende miezi sita baada ya nyumba kumalizika, kisha waende tena baada ya masika. Majibu yaandikwe katika daftari lile lile, pembeni ya hesabu ya mabati, bila kutaja ugonjwa wa mtu. Na mtendaji ayasome yote mkutanoni, hata yale ya nyumba iliyovuja.