Timu za Kubuni na Hesabu ya Nasibu

Katika mji wa Makambako, pale barabara kuu ya Zambia inapoachana na ile iendayo Njombe na Songea, mazungumzo ya vijana jioni ya Ijumaa aghalabu huhusu timu zisizo na uwanja, jezi wala kocha. Kila kijana ana timu yake. Ameiunda mwenyewe kwa kuchagua majina ya wachezaji wa Ligi Kuu ya Uingereza, na wachezaji hao watakapocheza katika klabu zao za kweli, yeye atahesabiwa pointi kwa yale watakayoyatenda. Mchezo huo huitwa fantasi. Dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya juma orodha hufungwa. Na kabla ya saa hiyo, kila mmoja huipitia timu ya mwenzake jina kwa jina na kuikosoa. Mshambuliaji huyu ameishiwa nguvu. Klabu ya mlinzi yule haina ukuta. Nahodha huyo atakuaibisha.

Chini ya utani huo limejificha swali la kisayansi: katika pointi izipatazo timu, sehemu gani ni matunda ya ujuzi wa mchaguzi, na sehemu gani ni nasibu tupu? Swali hilo si la mzaha. Marafiki wengine huchanga fedha mwanzoni mwa msimu, na kijana aliyeongoza majuma matatu huanza kuamini kwamba amegundua siri, akatamani kuipeleka siri hiyo kwenye maduka ya kubashiri matokeo, ambako fedha hupotea kwa haraka zaidi.

Asili ya mchezo wenyewe ni Marekani. Mwaka 1962 Bill Winkenbach wa Oakland na wenzake walibuni ligi ya namna hii kwa mpira wa Kimarekani, wakijumlisha pointi kwa mkono. Mwaka 1980 Daniel Okrent akaanzisha ligi kama hiyo kwa besiboli. Kandanda ilifuata: Riccardo Albini nchini Italia mwaka 1990, na Andrew Wainstein nchini Uingereza mwaka 1991. Mchezo rasmi wa Ligi Kuu ya Uingereza, ambao ndio unaochezwa Makambako na Njombe, ulianza mwaka 2002. Kila mshiriki hupewa fedha za kubuni milioni 100 za kununulia wachezaji 15, wasiozidi 3 kutoka klabu moja. Wachezaji 11 huhesabiwa, na pointi za nahodha huzidishwa mara mbili. Mshambuliaji akifunga bao hupata pointi 4; mlinda mlango na mlinzi hupata pointi 4 klabu yao isipofungwa.

Na tumwangalie kwanza yule mshambuliaji aliyesemwa kuwa ameishiwa. Tuseme ni mfungaji hodari, mwenye wastani wa nusu bao kwa mechi, yaani mabao 19 katika mechi 38 za msimu. Mwanahisabati Mfaransa Siméon Denis Poisson, katika kitabu chake cha mwaka 1837, alitoa kanuni ya kuhesabu matukio yanayotokea kwa nadra na bila mpangilio. Kwa kanuni hiyo, uwezekano wa mfungaji wetu kumaliza mechi bila bao ni 1 ikigawanywa kwa kipeuo cha pili cha namba e, ambayo ni 2.718. Mwanafunzi akikokotoa atapata 0.61. Maana yake ni kwamba mfungaji huyo hodari ataondoka mikono mitupu katika mechi kama 23 kati ya 38! Uwezekano wa kukosa bao katika mechi nne teule zinazofuatana ni 1 ikigawanywa kwa kipeo cha pili cha e, yaani 0.135, au takriban mara moja katika saba. Basi mechi nne kavu si ushahidi wa ugonjwa wowote. Ni jambo la kawaida kwa mtu ambaye hajabadilika hata kidogo.

Msomaji atauliza kama kanuni hiyo inafaa kwa mambo ya kweli. Mwaka 1898 Ladislaus Bortkiewicz aliitumia kwa askari wa farasi wa Prussia waliouawa kwa mateke ya farasi. Alikuwa na kumbukumbu 200 za vikosi, kila moja ya mwaka mmoja, zenye vifo 122. Kanuni ilitabiri kwamba kumbukumbu 109 zisiwe na kifo chochote, na kweli zilikuwa 109. Kwa kandanda, M. J. Maher alionyesha mwaka 1982 kwamba mabao ya ligi ya Uingereza hufuata kanuni hiyo kwa ukaribu wa kuridhisha, ingawa si kwa ukamilifu.

Kutokana na hayo huja jambo ambalo mwalimu hulikuta pia darasani. Aliyepata pointi nyingi mno juma hili, aghalabu juma lijalo atashuka kuelekea wastani wake. Aliyeanguka vibaya atapanda. Francis Galton alilieleza jambo hili mwaka 1886 alipolinganisha vimo vya wazazi na vya watoto wao. Mwanafunzi akikaripiwa baada ya jaribio baya sana na kisha akafanya vizuri, karipio husifiwa, hata kama nafuu hiyo ingekuja yenyewe.

Dawa ya nasibu ni wingi wa mechi. Wapenzi wa Njombe Mji, iliyocheza Ligi Kuu ya Tanzania Bara msimu wa 2017/18 na kushuka mwisho wa msimu huo huo, wangeweza kuilaumu bahati baada ya mechi tatu. Baada ya mechi 30 lawama hiyo hukosa nguvu, kwa sababu wastani huimarika kadiri ya kipeuo cha pili cha idadi ya mechi.

Hata hivyo, si kila kitu kimetawanyika kama mabao. Mfano mzuri uko juu ya uwanda wa Kitulo, wilayani Makete, kwenye mwinuko wa meta 2,600 hivi, ambao tangu mwaka 2005 ni hifadhi ya taifa yenye sifa ya maua yake. Mtu akiweka fremu ya meta moja ya mraba mahali pengi majanini na kuhesabu mashina ya okidi bila kuyang'oa, fremu nyingi zitakuwa tupu na chache zitajaa, kupita kiasi kinachotabiriwa na Poisson. Okidi hufuata unyevu na udongo unaozifaa, hivyo huota kwa makundi.

Walinzi wa fantasi nao huota kwa makundi. Mtu akichukua mlinda mlango na walinzi wawili wa klabu moja, ambayo wapinzani huifunga wastani wa bao 1.2, uwezekano wa klabu hiyo kutofungwa ni 0.30. Mara 30 katika 100 atapata pointi zote 12, na mara 70 hatapata hata moja. Akiwachukua kutoka klabu tatu tofauti zenye wastani huo huo, atapata zote 12 mara 3 tu, na atakosa zote mara 34. Wastani katika hali zote mbili ni pointi 3.6. Kinachotofautiana ni ukubwa wa mawimbi.

Sasa turudi kwa marafiki wawili wanaokosoana. Kosa lao kubwa ni kuitazama timu nzima ya mpinzani. Mchezaji aliye katika timu zote mbili hapunguzi wala haongezi tofauti yao. Wa kuchunguzwa ni wale wasiofanana tu. Tuseme anayeongoza ana ziada ya pointi 20, na majuma manne yamebaki. Tuwaache manahodha kwanza, tuchukulie kwamba wachezaji wote wana wastani sawa, na kwamba mchepuko sanifu wa kila mmoja, yaani umbali wa kawaida wa pointi zake kutoka kwenye wastani, ni pointi 3 kwa juma. Timu zikiwa na wachezaji 8 wa pamoja, tofauti yao huamuliwa na watu 6, na mchepuko wake kwa majuma manne ni kama pointi 15. Mfuasi ana uwezekano wa 9 katika 100 wa kumpita kiongozi. Timu zikitofautiana wachezaji wote 11, mchepuko hufika 28, na uwezekano huo hupanda hadi 24 katika 100, ingawa mfuasi hakuongeza ujuzi wowote.

Kwa hiyo kiongozi mwenye busara huiga timu ya anayemfuata, hata akichekwa kwamba hana ubunifu. Mfuasi naye hana sababu ya kumpa unahodha mchezaji yule yule aliyeteuliwa na kiongozi, hata kama ndiye bora wa juma hilo. Amtafute mwingine anayemkaribia kwa wastani, ambaye kiongozi hanaye.