Halojeni: Ukoo Mmoja, Tabia Mbalimbali

Katika vijiji vingi vinavyouzunguka mlima Meru, na sehemu nyingine za Bonde la Ufa, si ajabu kuwakuta watu wazima kwa watoto wenye meno ya rangi ya kahawia. Nako katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, maradhi yaliyosumbua vizazi vingi ni rovu, yaani uvimbe wa tezi ya shingo. Madhara ya kwanza huletwa na wingi wa floridi katika maji. Ya pili huletwa na upungufu wa iodini, ambayo wengi wetu twaiita madini joto. Florini na iodini ni za ukoo mmoja, ukoo wa halojeni, nazo zimo katika safu moja ya jedwali la elementi. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi nafasi ya kila moja katika safu hiyo inavyotujulisha madhara yake na namna ya kuyakabili.

Jedwali hilo lilitungwa na Mrusi Dmitri Mendeleev mwaka 1869. Alizipanga elementi kwa kufuata uzito wa atomu, akaona kwamba tabia zao hujirudia kila baada ya hatua kadhaa. Iodini ilimpa taabu. Uzito wake ni 126.9, na ule wa teluri ni 127.6, kwa kanuni yake mwenyewe iodini ingetangulia. Hata hivyo aliiweka nyuma ya teluri, kwa kuwa tabia zake ni za klorini na bromini. Alidhani uzito wa teluri umepimwa vibaya. Katika hilo alikosea, lakini mahali alipoiweka iodini ndipo hasa. Mnamo 1913 Mwingereza Henry Moseley alionyesha kwa eksirei kwamba mpangilio wa kweli hufuata chaji ya kiini cha atomu, yaani idadi ya protoni. Teluri ina protoni 52, iodini 53.

Kila atomu ya halojeni ina elektroni 7 katika tabaka lake la nje, na yahitaji moja tu ili tabaka hilo litimie. Ndiyo sababu halojeni zote ni wanyang'anyi wa elektroni. Lakini nguvu zao hazilingani. Florini ina matabaka 2, klorini 3, bromini 4 na iodini 5. Kadiri tushukavyo katika safu, atomu huwa kubwa zaidi, na elektroni za nje huwa mbali na kiini kinachozivuta. Kwa hiyo klorini ikipitishwa katika maji ya chumvi yenye bromidi, huzipokonya bromidi elektroni zao, na bromini hujitenga. Iodini haiwezi kufanya hivyo. Florini yenyewe haikuweza kutengwa kwa kemikali za kawaida za wakati ule. Mfaransa Henri Moissan aliipata mwaka 1886 kwa kutumia umeme.

Mvutano baina ya molekuli nao huongezeka tushukapo. Florini huchemka kwenye nyuzi 188 chini ya sifuri, klorini 34 chini ya sifuri, bromini 59, na iodini 184. Basi katika joto la kawaida mbili za kwanza ni gesi, ya tatu ni kioevu, ya nne ni yabisi.

Atomu iliyokwisha kupata elektroni ya ziada huitwa ioni. Nusu kipenyo cha ioni ya floridi ni kama pikometa 133 (pikometa moja ni sehemu moja ya bilioni ya milimita), karibu sawa na ioni ya haidroksidi iliyomo katika fuwele za meno na mifupa. Ioni ya iodidi, yenye pikometa 220, haienei hapo. Floridi huingia mahali pa haidroksidi bila shida. Ikiwa kidogo, huyaimarisha meno. Ikizidi wakati meno ya mtoto yanapoumbika, huyaharibu, na kwa miaka mingi huweza kuipinda mifupa. Shirika la Afya Duniani lashauri kiasi kisichozidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji.

Kalsiamu ikiwapo kwa wingi hushikamana na floridi na kuizamisha. Maji ya miamba ya volkano, ambayo yana magadi mengi na kalsiamu haba, huiacha ikielea. Kuyachemsha hakufai kitu: maji huondoka kama mvuke, floridi hubaki, tena kwa ukali zaidi. Kinachofaa ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao huinasa floridi kwa njia ile ile ya meno. Katika kituo cha Ngurdoto, Arusha, njia hiyo imefanyiwa utafiti wa miaka mingi. Tukumbuke pia kwamba baadhi ya magadi yanayotiwa katika maharage yana floridi.

Ama iodini, mvua huiosha kutoka katika udongo wa milimani, na hivyo huongezwa katika chumvi. Ingetiwa kama iodidi, hewa na unyevu vingeipokonya elektroni zake, kwa kuwa huzishika kwa ulegevu; ingegeuka iodini tupu na kupotea hewani. Kwa sababu hiyo hutumiwa aideti ya potasiamu, ambamo iodini imekwisha kufungamana na oksijeni. Hata hiyo hupungua kwa unyevu na moto mwingi. Chumvi na ihifadhiwe katika chombo chenye kifuniko, itiwe chakula kinapokaribia kuiva.