Hodi kabla ya kuingia: kupima usalama wa mawimbi na istilahi yake

1. Kusudi

Mtu anayechunguza vifaa vya elektroniki ili ajue udhaifu wavyo aitwe nani kwa Kiswahili? Wengi hujibu upesi: mdukuzi. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba jibu hilo halitoshi, kwa kuwa linawatia katika kapu moja mwizi na fundi. Ili tusitenganishe neno na kitu, tutaanza na kitu chenyewe.

2. Chombo na kazi yake

Mfano wetu ni Flipper Zero, chombo kinachoenea kiganjani, chenye kioo kidogo na picha ya pomboo. Mwaka 2020 waundaji wake walikusanya zaidi ya dola milioni 4 za Kimarekani kwa njia ya Kickstarter, kutoka kwa watu waliolipa kabla chombo hakijatengenezwa. Chaweza kusoma kadi za milango za kilohezi 125 na za megahezi 13.56, kupokea na kutuma ishara za redio za rimoti, na kuiga mwanga usioonekana wa rimoti za televisheni. Kina pia matundu ya pini ambayo mwanafunzi huunganishia vifaa vingine ili avichunguze.

Hakuna uchawi hapo. Kadi nyingi za kilohezi 125 hufanana na mtu anayemtajia jina lake kila amwulizaye: hutamka namba ileile daima, bila siri yoyote. Aliyeisikia mara moja aweza kuiiga. Funguo za magari ya kisasa, kwa kawaida, hutuma msimbo unaobadilika kila kitufe kinapobonyezwa, na msimbo uliokwisha kutumika haupokelewi tena. Programu rasmi ya Flipper Zero hairuhusu kutuma upya ishara za namna hiyo zilizonaswa. Lakini programu hiyo ni huria, na mjuzi aweza kuibadilisha. Kwa hiyo kizuizi cha mwisho kimo ndani ya mtumiaji mwenyewe.

Serikali nazo zimelikuta tatizo hili. Mwezi Februari 2024 serikali ya Kanada, ikihofia wizi wa magari, ilitangaza nia ya kupiga marufuku vyombo vya aina hii. Mwezi Machi ikalegeza msimamo, ikasema itawaachia wenye kazi halali.

3. Faida ya kupima

Msomaji aweza kuuliza: kwa nini tusiwakataze wote? Jibu la kale lilitolewa na mtu wa fani yetu. Auguste Kerckhoffs, Mholanzi aliyefundisha lugha nchini Ufaransa, aliandika mwaka 1883 kwamba mfumo wa maandishi ya siri haupaswi kutegemea kufichwa kwa mbinu yake. Hata ukianguka mikononi mwa adui, usilete hasara. Kinachofichwa ni ufunguo tu.

Nchini mwake mwenyewe, zaidi ya karne moja baadaye, fundisho hilo lilithibitika. Kadi iitwayo MIFARE Classic ilitumika katika usafiri wa Uholanzi na wa London, na pia katika milango mingi ya ofisi. Usalama wake ulitegemea mbinu iliyofichwa na watengenezaji. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, mjini Nijmegen, waliifumbua mbinu hiyo, wakaonyesha kwamba kadi yaweza kunakiliwa. Waliijulisha serikali na kampuni ya NXP kabla ya kuchapisha maelezo kamili. Kampuni ilikwenda mahakamani kuzuia uchapishaji. Mwezi Julai 2008 mahakama ya Arnhem ilikataa ombi hilo, ikiona kwamba hasara ilitokana na kasoro za kadi, wala si makala ya wataalamu. Bila watafiti hao, wenye milango wangeendelea kulala wakiamini kufuli isiyofunga.

4. Masharti ya upimaji

Kutokana na mfano huo twaweza kutaja masharti manne.

Kwanza, idhini. Mwenye kitu aitoe kwa maandishi, akitaja kipi kipimwe, lini, na mpaka wapi. Tuangalie hapa kosa la wengi: kadi ya kazi iliyo mfukoni mwako umepewa kuibeba tu, na mlango ni wa mwajiri. Anayejifunza aanze na rimoti na kufuli alizozinunua mwenyewe.

Pili, kutodhuru. Mawimbi hayana ukuta. Ishara inayotumwa ovyo huweza kuvuruga vifaa vya jirani, na kila nchi ina masafa iliyoyaruhusu.

Tatu, kutunza siri. Namba za kadi za watu zilizosomwa katika kazi zifutwe kazi inapokwisha.

Nne, taarifa. Kasoro ikionekana, mwenye mfumo ajulishwe kwanza na apewe muda wa kurekebisha kabla umma haujaambiwa.

Kwetu Kongo, Sheria ya mambo ya kidijitali iliyotolewa tarehe 13 Machi 2023 humwadhibu anayeingia katika mfumo wa kompyuta bila haki. Udadisi peke yake hautoshi kuwa utetezi.

5. Turudi kwenye neno

Kitenzi kudukua kinakaa karibu na kudukiza, yaani kusikiliza kwa siri maneno ya wengine. Lawama imo ndani ya neno tangu mwanzo. Wasemaji wetu wa Kongo, wakiazima Kifaransa, humfananisha mtendaji na haramia wa baharini. Lawama ni ileile. Wanaosema "mdukuzi mwadilifu" hujaribu kuiponya kwa kivumishi, lakini ni kama kusema mwizi mwaminifu.

Tunapendekeza basi udukuzi ubaki kwa tendo lisilo na idhini, na tendo lenye idhini liitwe upimaji wa usalama, mtendaji wake akiwa mpimaji. Tofauti hii haikuhitaji kuundwa upya. Desturi yetu inayo. Mgeni na mwizi hupita mlango uleule. Mgeni hupiga hodi, akangoja akaribishwe, na asipojibiwa hurudi alikotoka. Kijana wa Lubumbashi au Bukavu anayejifunza ufundi huu anastahili jina lisilomhukumu kabla hajatenda, na jina hilo limkumbushe kupiga hodi.