Koko yangu alikuwa Cherokee: kwa nini hadithi ya nyumbani haitoshi kule Marekani

Kule Marekani, mu familia nyingi watoto wanakomaa wakiambiwa kwamba koko wa koko yao alikuwa Cherokee. Hesabu ya wakaaji ya mwaka 2010 ilipata watu zaidi ya 819 000 waliojiandikisha kuwa Cherokee, wazima ama wa kuchanganyika. Wengi kati yao kabila lenyewe haliwatambui. Sasa je, nani anasema kweli?

Cherokee ni moja ya makabila ya wenyeji wa kwanza wa inchi ile. Zamani walikaa kusini-mashariki, upande wa Georgia, Tennessee na North Carolina. Mwaka 1830 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuhamisha wenyeji, na mwaka 1838 waaskari wakawatoa mu nyumba zao kwa nguvu. Watu karibu 16 000 walisukumwa hadi ng'ambo ya mto Mississippi, pahali panaitwa leo Oklahoma. Inakadiriwa kwamba 4 000 hivi walikufa juu ya baridi, njaa na magonjwa. Wachache walibakia mu milima ya North Carolina. Leo kuna serkali tatu za Cherokee: mbili Oklahoma, moja North Carolina.

Ile kubwa zaidi, Cherokee Nation, iko na makao Tahlequah. Haiulizi sura ya mtu wala kiasi cha damu. Inauliza jambo moja: je, jina la mzazi wa mzazi wako, kwa kupanda moja kwa moja, liko ndani ya orodha ya Dawes?

Orodha hiyo ilianza kuandikwa mwaka 1898. Wakati ule serkali ya Marekani ilitaka kuvunja udongo wa pamoja wa kabila na kuukata vipande, kila mtu na chake. Wengine walikataa kujiandikisha. Mzee Redbird Smith, aliyeongoza wakatalizi, alikamatwa mwaka 1902. Kwa hiyo karatasi iliyotengenezwa ili kugawa udongo ndiyo leo imekuwa mlango wa kuingilia mu kabila. Ajabu, lakini ndivyo ilivyo.

Mwenye kutafuta haanzie kwa yule koko wa hadithi. Anaanzia kwake mwenyewe: cheti cha kuzaliwa, kisha cha mama ama baba, kisha vyeti vya vifo na ndoa vya wale wa nyuma, mpaka afikie mtu aliyekuwa hai karibu mwaka 1900. Hapo anauliza: mtu huyu alikaa wapi? Kama wakati ule alikuwa nje ya maeneo ya Cherokee, orodha ya Dawes haitamuonyesha kwa kawaida. Kama jina linapatikana, liko na namba, miaka, na karatasi ya familia inayotaja hata baba na mama yake.

Kuko mafaili mengine yanayosaidia. Kuanzia 1906, watu walioomba malipo kwa ajili ya mambo ya uhamisho walijaza fomu wakitaja mababu zao. Waliombewa watu karibu 90 000. Waliokubaliwa walikuwa 30 000 hivi. Hata fomu iliyokataliwa ni mali, juu imebeba majina ya ukoo.

Kipimo cha DNA je? Kinaweza kuonyesha asili ya mbali, lakini hakiwezi kutaja kabila. Seneta Elizabeth Warren alitangaza chake mwaka 2018, viongozi wa Cherokee wakakasirika, na mwaka 2019 akaomba radhi.

Jeraha kubwa liko kwa wazao wa Weusi waliokuwa watumwa wa Cherokee. Ndiyo, Cherokee nao walikuwa na watumwa. Mapatano ya 1866 yaliwapa haki za uraia, lakini waandishi wa Dawes waliwaweka kwenye orodha ya pembeni, bila kuandika damu, hata yule mwenye mzazi Cherokee. Mwaka 2007 kura iliwatoa mu kabila. Tribinali ya Marekani iliwarudishia haki mwaka 2017, na mwaka 2021 korti kuu ya Cherokee Nation ikaondoa neno "kwa damu" ndani ya katiba. Leo wanapiga kura na kutunzwa mu hospitali za kabila, kwa namba ileile ya orodha iliyowatenga.