Pa-pa: Jumapili ya Walsi Lubaga

Mjukuu wangu ndiye aliyeleta habari. Aliisoma kwenye simu yake: Jumapili saa tisa alasiri, ukumbi wa parokia chini kidogo ya kilima cha Lubaga, Kampala, okestra itapiga walsi na vipande vingine vinavyopendwa. Kiingilio shilingi 20,000, watoto nusu. Akaniuliza, "Jjajja, huo si muziki wa wazee?" Nikamwambia walsi zilikuwa muziki wa vijana, na wazee ndio waliokuwa wakizigombeza.

Sikumweleza sababu yangu ya kutaka kwenda. Nimepiga klarineti ya pili katika bendi kwa miaka 31. Klarineti ya kwanza ndiyo inayoimba, ndiyo watu wanayotoka nayo mlangoni wakiipiga mluzi. Ya pili, walsi ikianza, kazi yake ni moja: besi likisema "dum", wewe unajibu "pa-pa". Dum, pa-pa. Dum, pa-pa. Nilizaliwa Nsambya katika nyumba za reli, Kiswahili nimekinyonya na maziwa, nikakikuta tena kambini nilipoingia bendi. Gwaride tulipiga mchana, na usiku maofisa walipotaka kucheza na wake zao tukapiga walsi. Katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kuja kuniambia, "Mzee, pa-pa yako leo ilikuwa nzuri."

Basi tukaenda. Ukumbi una mabati juu, saruji chini, na viti vya plastiki vya kukodi, vile vya arusi. Mlangoni tukapewa karatasi ya ratiba, na humo lilikuwepo jina la kondakta. Mama mmoja aliyeketi kulia kwangu, amevaa gomesi ya zambarau, alilisoma akaguna: "Kondakta? Hapa nani analipa nauli?" Nikacheka, lakini baadaye nikaona hakukosea sana. Kondakta wa taksi zetu za abiria 14 anajua nani anapanda wapi na nani anashuka wapi, na anagonga bati dereva asimame. Yule wa okestra anafanya hivyohivyo kwa kijiti. Fidla zinapanda hapa, filimbi zinashuka pale, ngoma zingoje mpaka ziitwe.

Niliwahesabu wapigaji, kama arobaini hivi. Upande wa fidla (nasema fidla kama wasemavyo watu wa Zanzibar na Mombasa, ambao wamezisikia zikilia katika taarab tangu enzi za masultani) walikuwa wachache na wengi wao wasichana. Chelo tatu, na besi kubwa la nyuzi lilikuwa moja tu. Lakini geuza macho upande wa matarumbeta! Safu mbili zimejaa, zinang'aa. Ndivyo Kampala ilivyo. Majeshi, polisi, shule za misheni na makanisa yametujengea bendi za shaba kwa miaka mingi, na vijana waliokuwa wakilala barabarani walianzisha bendi ya M-Lisada mwaka 1996 kwa nguvu ya muziki huohuo. Shirika la Brass for Africa nalo limewatia mikononi watoto wa vitongoji vyetu ala ambazo wazazi wao wasingeweza kununua. Na tarumbeta lina subira. Likianguka linabonyea, unaligonga kwa nyundo ya mbao, unaendelea na arusi. Fidla ikianguka ni matanga. Hata isipoanguka, kiangazi kinaibana, masika yanaitanua, na nyuzi zake huzipati duka la jirani.

Kabla ya kuanza, ala zote zilitakiwa zikubaliane sauti. Kwa desturi sauti hiyo hutolewa na oboe. Hapa oboe haikuwepo, ikatolewa na klarineti. Nilijinyoosha kidogo kitini.

Walifungua na kipande cha Franz von Suppé cha 1866, kile cha wapanda farasi. Hata asiyejua jina lake ameisikia mbio yake mahali fulani, kwenye katuni au tangazo. Kilipita salama.

Kisha ikaja Danube ya Buluu, ambayo nusu ya ukumbi ilikuwa imeifuata, wengi wakiwa wamemwona André Rieu na okestra yake kwenye simu, wachezaji wamevaa magauni kama keki. Johann Strauss wa Vienna aliiandika ikapigwa mara ya kwanza 1867, na mara hiyo iliimbwa na kwaya ya wanaume. Wengi hudhani inaanza na walsi. Haianzi hivyo. Inaanza na fidla zinazotetemeka polepole sana, kama maji kabla jua halijachomoza, na juu yake honi inapiga sauti tatu za kupanda, imekaa mbali. Unatakiwa unong'one ili uisikie.

Fidla zikatetemeka, na mvua ikateremka.

Anayejua mvua ya Oktoba Kampala hahitaji maelezo. Mabati yalipiga kelele mpaka sikuwasikia wapigaji wakipiga, yaani niliona pinde zinakwenda na kurudi lakini hakuna kitu kilichotoka. Kondakta aliendelea vipimo kama sita, akashusha mikono. Akatazama paa. Akainama akawaambia jambo wale wa mbele, karatasi zikafunuliwa, na fujo ya ghafla ikatoka: ngoma kubwa, matoazi, matarumbeta yote. Alikuwa ameruka mpaka kipande cha tano cha ratiba, polka ya Strauss huyohuyo ya 1868 inayoitwa Radi na Umeme. Ndicho pekee kilichoweza kupigana na mvua ile. Watu walipoelewa alichofanya, vigelegele vikapaa. Nimeona viongozi wengi wa bendi, wengine wana nyota mabegani. Uamuzi kama ule sijauona mara nyingi.

Na kilima chenyewe kina habari yake na radi. Kabaka Mutesa wa Kwanza alikuwa na kasri lake juu ya Lubaga mpaka radi ilipoliteketeza akahama, na baadaye ardhi ile wakapewa wamisionari Wakatoliki. Kanisa kuu la Mtakatifu Maria tunaloliona leo lilijengwa kuanzia 1914 na kukamilika 1925. Strauss alizaliwa Oktoba 1825, kwa hiyo wakati waashi wanakunja zana zao pale juu, yeye angekuwa anatimiza miaka 100. Hayana uhusiano wowote, lakini nilikuwa nimekaa nasubiri mvua ikatike, na mzee akikaa huhesabu miaka.

Ilikatika. Fidla zikaanza tena kutetemeka, safari hii tukisikia pia matone ya mwisho yakidondoka kwenye mfereji nje, na honi ikapanda ngazi zake tatu.

Sasa niwaeleze walsi ni nini. Ni mapigo matatu: moja zito, mawili mepesi. Zito ni mguu unaokanyaga, mepesi ni mwili unaozunguka. Danube ya Buluu si walsi moja, ni tano zilizofungwa pamoja, zina utangulizi na mkia, kama nguo za arusi zilizokunjwa kwenye sanduku moja. Watu wa Vienna wana siri yao ambayo haiandikwi kwenye nota: pigo la pili huwahi kidogo. Si mno. Kama mtu anayekushika mkono kabla hujateleza. Ukipiga mapigo matatu yaliyopimwa sawasawa kwa saa, unapata gwaride lenye mguu mmoja zaidi. Ukiliwahisha lile la pili, kiti kinaanza kukuwasha.

Na nani analipiga hilo la pili? Si fidla za kwanza, hizo zinaimba. Ni fidla za pili, viola, na honi. Wapiga pa-pa.

Honi zilipigwa na vijana wanne wa bendi ya shaba, na si honi za Vienna za kuzunguka kama konokono. Zilikuwa zile ndogo za kwetu, mdomo unatazama juu, zinazotembea mbele ya majeneza na maharusi. Niliyemtazama alikuwa wa mwisho kushoto, labda miaka 17, shati jeupe limemzidi mikono. Nota zake amezibana kwa vibanio viwili vya nguo, kimoja cha kijani kimoja chekundu. Kila walsi ilipobadilika alikuwa na kimya cha vipimo kadhaa, na katika kimya hicho alikuwa akilainisha midomo kwa ulimi, akifungua vali na kumwaga mate sakafuni, na goti lake la kulia likienda taratibu. Halafu anainua, pa-pa. Linawahi. Pa-pa. Linawahi tena. Hajatazama kondakta hata mara moja. Nilimpiga mjukuu wangu kiwiko: msikilize yule. Akasema, "Yupi? Mbona hapigi kitu?"

Katika walsi ya tatu watu wakaanza kupiga makofi, na hapo mama wa gomesi ndiye aliyekuwa kinara. Hawakupiga kama okestra. Chukua vipimo viwili vya walsi, utapata mapigo sita. Okestra iliyagawa matatu kwa matatu. Ukumbi ukayagawa mawili, mawili, mawili. Makofi matatu, kisha wote wanakutana mlangoni na kuanza upya. Kijana mmoja mbele yangu, amevaa tai, aligeuka na uso wa kusema hawa hawajui. Yeye ndiye hakujua. Strauss mwenyewe anaucheza mchezo huo ndani ya walsi zake, na sisi tumezaliwa nao. Baakisimba ya Buganda ni sita: mpuunyi inakanyaga, nankasa inakimbia juu yake, mbuutu inazungumza, na kiuno cha mchezaji kinachagua la kufuata. Chakacha ya Mombasa ni sita hiyohiyo. Mtu akikwambia mapigo matatu ni ya Wazungu, mpeleke arusini.

Hata dansi yenyewe ilishafika zamani. Neno hilo "dansi" liliingia Kiswahili pamoja na walsi na foxtrot, vijana wa miji ya pwani ya miaka ya 1920 na 1930 wakivaa suti na kushikana wawili wawili. Dar es Salaam Jazz Band ni ya 1932. Wazee wa pwani walinung'unika kuhusu kushikana kule, kama wazee wa Ulaya walivyonung'unika walsi ilipoanza, na kwa sababu ileile.

Kondakta aligeuza shingo aliposikia makofi. Nikadhani atayazima. Akatabasamu, akarudi kwa watu wake.

Baada ya hapo ilipigwa ile walsi ya Shostakovich inayoanza na saksafoni, na mpiga saksafoni wa siku ile alipiga kama mtu aliyelelewa kwenye bendi za kanisa, ana pumzi ndefu na haya kidogo. Nilipenda. Lalamiko langu ni moja: ratiba nzima haikuwa na mtunzi hata mmoja wa hapa. Tuko chini ya kilima cha Lubaga, na Joseph Kyagambiddwa ndiye aliyetunga oratorio ya Mashahidi wa Uganda iliyoimbwa Roma 1964 walipotangazwa watakatifu! Si nyimbo za kuchezea, najua. Lakini hata dakika tano?

Walifunga na wimbo wa gwaride wa Radetzky, wa mwaka 1848, ambao si wa Strauss huyu bali wa baba yake. Vienna hufunga nao tamasha la mwaka mpya, na wasikilizaji hupiga makofi kwa amri ya kondakta, mara polepole mara kwa nguvu. Hapa kondakta aliamuru polepole mara mbili, akakata tamaa. Mama wa gomesi alikuwa amesimama.

Watu walipokuwa wakitoka nilipenya kati ya viti mpaka kwa yule kijana. Alikuwa akiivingirisha honi katika blanketi la mtoto. Nikamwambia: "Pa-pa yako leo ilikuwa nzuri."

Akanitazama kama anayetafuta mzaha uko wapi. "Asante, jjajja."

"Unahesabuje? Sikukuona ukimtazama kondakta."

"Sihesabu. Namsikiliza wa besi akivuta pumzi, halafu namjibu."

Nilitaka kumwuliza mengi, nani alimfundisha, kama anajua kusoma nota za klarineti. Lakini bodaboda ilikuwa imeshawashwa nje na mwenzake anamwita, kwa sababu honi ilitakiwa kurudishwa kabla ya giza. Asubuhi ina maziko Busega. Akaifunga kamba kifuani, blanketi na vyote, akapanda nyuma, wakashuka kilima kwenye matope.

Mjukuu wangu alinishika mkono tuvuke mfereji. Njiani alikuwa akipiga mluzi walsi ya kwanza, ule wimbo wa fidla. Nami nikampigia ya pili.