Mashine ya Kukatia Majani: Kabla Kamati Haijatoa Fedha

Mvua za Novemba zikiisha kuunywesha udongo mwekundu wa Lubumbashi, majani hayamngoji mtu. Kiwanja cha shule kilichofyekwa leo hudai kufyekwa tena kabla ya wiki mbili, na mambo huwa hivyo mpaka Aprili. Ndipo kamati za parokia na za wazazi huanza kusemezana juu ya mashine kubwa, na wauzaji huwaonyesha ile igeukayo papo hapo. Mashine ni nzuri. Lakini bei yake ni maelfu ya dola, nazo ni fedha za watu waliotoa kidogo kidogo. Kwa hiyo yafaa tuifahamu kabla ya kutia sahihi.

Mashine hiyo ilibuniwa na John Regier huko Kansas, Marekani, mwaka wa 1963. Haina usukani. Dereva hushika mikono miwili ya chuma, na kila mkono huamuru gurudumu moja la nyuma. Akiisukuma yote sawasawa, mashine huenda mbele. Akisukuma mmoja na kuvuta wa pili, gurudumu moja huenda mbele na jingine hurudi, nayo mashine hugeuka pale pale ilipo, kama askari aliyeamriwa kugeuka nyuma. Ndiyo maana huzunguka shina la mwembe vizuri, wala haipotezi wakati mwishoni mwa mstari.

Tufanye hesabu, nanyi wanafunzi mwaweza kuisahihisha. Mashine ikatayo upana wa sentimita 152, ikienda kilomita 8 kwa saa, hupita juu ya mita za mraba 12,160 kwa saa. Toa sehemu moja katika tano kwa ajili ya kupishana mistari na kugeuka. Zabaki 9,728, karibu hekta moja. Uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68 ni mita za mraba 7,140, yaani kazi ya dakika 44. (Uwanja wa TP Mazembe huko Kamalondo, uliofunguliwa mwaka wa 2011, hauna taabu hiyo: majani yake ni ya bandia.) Basi, ikiwa mnao uwanja mmoja tu, mashine italala bure siku nyingi, vijana wanne wenye mafyekeo wanatosha, na fedha zitanunua madawati. Ikiwa mnazo hekta sita au nane, shule, zahanati na yote yaliyopo, hapo maneno ni mengine.

Dukani mashine ya nyumbani na mashine ya kazi hufanana kwa rangi na kwa umbo. Ile ya kwanza imekusudiwa saa chache kwa juma. Ukiifanyisha kazi kutwa, haitaona masika ya pili. Usimwulize muuzaji, iname uangalie chini. Kifuniko cha visu cha mashine ya kazi ni vipande vya bamba nene vilivyounganishwa kwa kuchomelewa, si bati jembamba lililokunjwa. Huku kwetu penye vichuguu na mawe, jambo hilo ni kubwa. Mhimili wa kila kisu uwe wa kufunguliwa kwa boliti, wenye tundu la kutilia grisi. Kisha tazama pampu za mafuta ziendeshazo magurudumu: katika mashine nyingi za bei ndogo zimefungwa, mafuta hayabadilishwi, na zikichoka hutupwa nzima.

Injini nayo isitazamwe kwa karatasi tu. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa wepesi wa hewa injini ya kawaida hupoteza kadiri ya tatu katika mia ya nguvu zake kwa kila mita 300. Farasi 25 za kiwandani huwa 22 hapa.

Lililo zito zaidi ni usalama. Magurudumu ya mbele hujizungukia tu, hayaongozi. Ya nyuma yakiteleza penye mteremko, dereva hana usukani wala breki. Watengenezaji wengi hukataza mteremko uzidio digrii 15. Kandokando ya mifereji na penye makaburi, acheni fyekeo lifanye kazi. Pasiwe na ununuzi wa mashine isiyo na upinde wa chuma nyuma ya kiti pamoja na mkanda. Na ncha ya kisu hukimbia karibu mita 90 kwa sekunde. Jiwe likirushwa hivyo halichagui mtu. Watoto wawe darasani, si pembeni wakitazama.

Na nani ataiendesha? Nionavyo mimi, achaguliwe mmoja wa wale waliokuwa wakifyeka, wala asiletwe mgeni. Yeye ajua kila kisiki kilichofichwa na majani.

Vipuri vingi hutoka Afrika Kusini kwa njia ya Zambia, na malori huweza kukaa siku nyingi Kasumbalesa. Kwa hiyo visu, mikanda na vichujio vya msimu mzima vilipwe pamoja na mashine, viwekwe ghalani. Toka Mei majani hulala. Hapo fundi ana miezi mitano ya kuifungua, kunoa visu na kubadili mafuta, kabla ya wingu la kwanza la Oktoba.